Kujenga na Kulaza Wageni Lamu bila Kukiumiza Kisiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kukarabati nyumba ya mawe Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, iwe ya wageni, ya anayejenga upya Shela, Kipungani au Manda, na ya msafiri anayetaka kujua nyumba anayoilipia inaishi vipi na kisiwa. Vipimo ni vya kazi ya kawaida. Fundi wako atavirekebisha akishaiona nyumba yenyewe.

Je, paa la makuti ndilo linaloifanya nyumba kuwa rafiki wa mazingira?

Hapana, ingawa picha nyingi za matangazo zinataka uamini hivyo. Makuti yana sifa zake: yanatoka kwa minazi ya hapa hapa, hayashiki joto kama mabati, na yakichoka yanaoza bila kuacha taka. Lakini ndani ya mji, nyumba zilivyobanana, ni kuni zilizokauka juu ya vichwa vya majirani. Moto uliokiteketeza kijiji cha Faza mwaka 2009 ulionyesha jinsi ezeko moja linavyowasha la pili kukiwa na upepo.

Ukiezeka, mteremko usipungue nyuzi 45. Paa likilala zaidi ya hapo, maji hukaa katikati ya majani na makuti yanaoza kutoka ndani wakati juu bado yanaonekana mazima. Safu zikaribiane, sentimita 10 hivi, na jiko la gesi lisiwe chini yake hata kama mpishi ameapa kuwa mwangalifu. Nyumba yenye makuti mazuri na pampu inayonyonya kisima usiku kucha haina cha kujivunia.

Nyumba ya mawe inapoaje bila kiyoyozi?

Ukuta una unene wa kama sentimita 45 hadi 50, na jua la mchana linachukua saa nyingi kuupenya. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 2.8, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Wembamba huo, pamoja na dari iliyo juu, ndio unaoruhusu hewa ipite. Kiwanda, yaani ua wa wazi wa katikati, kinatoa hewa ya moto juu na kuvuta ya baridi kutoka dakani, penye ukumbi wa mlangoni, na kichochoroni, ambako jua haligusi ardhi ila adhuhuri. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi na kusi huichukua zamu kuanzia Aprili, kwa hiyo nyumba yenye uwazi pande zote mbili haikosi upepo isipokuwa majuma machache pepo hizo zinapobadilishana zamu.

Makosa mawili huua mpangilio huu. La kwanza ni kukifunika kiwanda kwa vioo au karatasi za plastiki ili mvua isiingie. Hewa moto inakosa mlango wa kutokea, na mwenye nyumba anaanza kuuliza bei ya kiyoyozi. Funika ukitaka, lakini acha pengo la nusu mita kuzunguka pande zote, paa dogo likiwa juu ya usawa wa kuta. La pili ni hicho kiyoyozi chenyewe. Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi. Ukuta ukipoozwa, unyevu unaganda juu yake, plasta inaota ukungu, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinakaa majimaji. Feni ya dari na chandarua kizuri vinatosha kwa wageni wengi.

Kwa nini mafundi wa ukarabati hukataa simiti kwenye kuta za matumbawe?

Kwa sababu ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka kwa mvua, kisha unautoa nje kupitia plasta. Unyevu huo una chumvi. Plasta ikiwa ya chokaa, chumvi inatokea juu kama unga mweupe, unaifagia, basi. Ikiwa ya simiti, maji hayana njia. Yanapanda juu zaidi kuitafuta, na chumvi inaganda nyuma ya plasta, inatanuka, inaipasua. Ndiyo maana utaona kuta zilizopigwa simiti zimebanduka vipande vipande kuanzia usawa wa kiuno, na nyuma yake jiwe limekuwa laini kiasi cha kukwanguliwa kwa ukucha. Mwenye nyumba anapiga simiti nzito zaidi, na unyevu unapanda ghorofa ya pili.

Juu ya sakafu ya darini kuna hatari nyingine, nayo ni uzito. Zege ya sentimita 5 tu inaongeza kilo 120 kwa kila mita mraba, juu ya boriti ambazo tayari zinabeba tabaka nene la mawe na chokaa. Chumba cha mita 2.6 kwa 8 kinapata tani mbili na nusu za ziada. Na nondo zilizowekwa ndani ya zege yenye mchanga wa pwani zinashika kutu, zinavimba, na kuivunja zege kutoka ndani.

Plasta ya chokaa inafanywaje?

Kwanza bandua simiti yote na uuache ukuta ukauke. Ukiweza kuusubirisha msimu mzima wa kaskazi, usubirishe. Piga brashi kavu chumvi inayojitokeza, mara kwa mara. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Chokaa ya mawe ukiizima mwenyewe, tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana hutokota na kuruka usoni. Vaa miwani na glavu. Chuja, kisha iweke pipani chini ya maji. Wiki mbili ni kima cha chini, miezi mitatu ni bora: iliyoiva inashika kwenye mwiko kama siagi. Chokaa ya mfuko, ambayo tayari imezimwa kiwandani, iloweke angalau siku moja kabla ya kuitumia.

Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu. Kwa mita mraba 10 za ukuta na unene wa sentimita moja utahitaji karibu madebe sita ya mchanga na mawili ya chokaa, pamoja na kinachodondoka. Mchanga uwe wa shimo la bara, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufuoni una chumvi na chembe zake zimelingana mno. Zaidi ya hayo, mchanga wa Shela ndio unaotunza maji ya kisiwa, kama tutakavyoona.

Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi. Piga tabaka la kwanza lisilozidi sentimita moja, ulikandamize kwa kibao, ulikwaruze lishike la pili. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake na uyanyunyizie kwa wiki nzima. Chokaa haikauki tu, inakomaa kwa kuvuta hewa ukaa, na haiwezi kufanya hivyo ikiwa kavu kabisa. Tabaka la pili lije baada ya wiki hiyo, kisha la kumalizia la milimita 3. Mwisho chokaa nyepesi ya kupaka, mara nne au tano, nyepesi kama maziwa kila mara.

Ikipasuka nyufa nyembamba nyembamba, chokaa ilizidi au jua liliiwahi. Ikitoka unga mkononi, ilikauka kabla ya kukomaa. Ikidondoka kwa vipande, ukuta ulikuwa na vumbi au haukuloweshwa. Na ukimwona fundi akitupia konzi ya simiti "ishike haraka", msimamishe. Simiti kidogo vile haiongezi nguvu ya maana, ila inaziba pumzi ya chokaa.

Chokaa yenyewe si inachomwa kwa miti?

Ndiyo, na ni vyema kulisema. Tanuu ya kienyeji hupanga magogo na mawe ya matumbawe juu yake, na kuni zinazotumika ni nyingi. Kazi ndogo za kuziba ziba zinaweza kutumia chokaa ya hapa. Kazi ya nyumba nzima ifanywe kwa chokaa ya mfuko, hata kama imesafiri mbali, na ya asili uiweke kwa tabaka la mwisho.

Mawe yatoke wapi?

Ya kwanza yatoke kwenye kifusi chako mwenyewe. Ukuta ulioanguka una robo tatu ya mawe ya ukuta mpya. Jiwe gumu la nchi kavu huchimbwa Manda, eneo la Maweni. Matumbawe mepesi ya baharini, yale yaliyochongwa zidaka, vishubaka vya ukutani, zamani, yasikatwe upya: mwamba hai ni nyumba ya samaki na kinga ya ufuo. Kwa zidaka mpya, mafundi huchonga plasta ya chokaa yenyewe ikiwa bado mbichi kidogo, na tofauti huioni mpaka uambiwe.

Nikitumia boriti za mikoko, si ninaumaliza msitu?

Inategemea unanunua nini na kwa nani. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ukataji wake unasimamiwa na Huduma ya Misitu, KFS. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji misituni, na wakataji wa Lamu walipata taabu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, omba kuona kibali cha ukataji na cha usafirishaji, na nakala ubaki nayo. Muuzaji anayesema "hayo tutayamaliza baadaye" hana kibali.

Agiza kwa ukubwa unaohitaji. Miti huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kwa unene: fito ni nyembamba za chini ya sentimita 4, pau hufika karibu 8, boriti karibu 13, na juu ya hapo ni nguzo. Kununua nguzo na kuichonga iwe boriti ni kuupoteza mti uliochukua miaka mingi kukua. Kati ya aina za mikoko, mkoko wenyewe na mkandaa ndizo za kazi hii. Mchu huachiwa kazi nyingine, na mlilana, ulio mstari wa mbele baharini, ni bora ubaki ulipo uvunje mawimbi.

Boriti zikauke kivulini zikiwa zimebanduliwa maganda, na zilale ukutani kwa sentimita 20 angalau kila upande. Mahali pa kukagua kila mwaka ni hapo ncha inapoingia ukutani. Chomeka bisibisi. Ikizama bila kusukumwa sana, boriti imeoza, na karibu kila mara utakuta mlizamu (bomba la kutolea maji ya paa) ulioziba au ufa wa sakafu juu yake. Rekebisha maji kwanza ndipo ubadilishe mti. Wengi hubadilisha mti tu, na baada ya masika chache wanarudi pale pale.

Maji ya Lamu yanatoka wapi, na kwa nini kila mtu anasema Shela?

Mvua inayoanguka kwenye vilima vya mchanga vya Shela inazama na kukaa ardhini, ikielea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni nyepesi kuliko hayo. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Sasa geuza hesabu: pampu ikishusha maji kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi unapanda karibu mita 4. Kisima hakikauki, kinageuka cha chumvi. Siku moja chai inaonja vibaya, na kurudi nyuma kunachukua misimu ya mvua.

Kwa hiyo: usijenge juu ya vilima, usichukue mchanga wake, usiendeshe pikipiki juu yake. Ukiwa na kisima, tumia pampu ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi badala ya kubwa inayovuta kwa fujo, na weka tangi la kuhifadhi.

Kisha vuna mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Lamu hupata kama milimita 900 kwa mwaka, nyingi zikija masika, Aprili hadi Juni. Paa la mita mraba 100, ukikata asilimia 20 inayopotea, linakupa lita 72,000. Wageni sita wanaotumia lita 80 kila mmoja humaliza lita 43,200 kwa siku 90 za ukavu wa kaskazi. Tangi la lita 45,000 chini ya kiwanda linavuka kiangazi. Watu wa Pate na Ndau wamekuwa wakifanya hivi kwa jabia, matangi ya kukingia mvua, siku nyingi, na Manda huna jinsi nyingine ila kununua maji ya mashua.

Mwaga lita 100 hadi 200 za kwanza za kila mvua inayokuja baada ya ukavu, zina vumbi na kinyesi cha kunguru. Paa jipya la sakafu ya chokaa litatoa maji meupe kwa mvua mbili tatu. Hayo mwagilia njia. Weka wavu kwenye kila tundu.

Lita 80 zinawezekana vipi? Bomba la mvua la kuogea la kawaida hutoa lita 12 au zaidi kwa dakika, lenye kichwa cha kubana hutoa 7 au 8. Kuoga kwa kata kutoka kwenye birika, tangi la maji la bafuni, hakufiki lita 20, na wageni wengi huipenda kuliko wanavyotarajia.

Samaki ndani ya birika ni urembo?

Wana kazi: wanakula viluwiluwi vya mbu. Usitie klorini humo, watakufa. Maji ya kunywa yawe na chombo chake.

Choo na maji taka je?

Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri zinapofeli. Shimo la zamani linalovuja lilivumilika nyumba ikiwa na watu sita na kata. Ukiweka vyoo vya kuvuta vitano, unamwaga maelfu ya lita karibu na kisima cha jirani. Jenga tangi la vyumba viwili lisilovuja. Watu wanane kwa lita 100 kila mmoja, maji yakikaa siku tatu, ni lita 2,400. Lifanye 3,000. Chumba cha kwanza kiwe theluthi mbili. Maji ya kuoga yapitishe kando kwenye kokoto na migomba.

Swali ambalo wachoraji ramani kutoka Nairobi husahau: tangi litatapishwaje? Lori haliingii kichochoroni. Acha mfuniko unaofikika na njia ya bomba refu hadi mahali pa wazi, la sivyo itabidi sakafu ivunjwe kila miaka mitatu. Shela na Manda, choo kikavu kinachotenga mkojo, chenye majivu ya kutosha, ni jibu bora kuliko tangi lolote. Mgeni akielezwa mlangoni kwa sentensi mbili hana shida nacho.

Sola ya ukubwa gani inatosha nyumba ya vyumba vinne?

Feni nne za wati 30 kwa saa 12 ni yuniti 1.4. Taa 16 za wati 6 kwa saa 5, nusu yuniti. Friji moja nzuri, yuniti 1. Simu na intaneti, 0.4. Pampu ya wati 750 kwa saa moja, 0.75. Jumla ni kama yuniti 4 kwa siku. Kwa saa 5 za jua kali na upotevu wa robo, paneli tatu za wati 400 zinatosha, na betri ya lithiamu ya yuniti 5. Kiyoyozi kimoja kwa usiku mmoja kinaweza kula zote.

Chumvi ndiyo adui. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu za daraja la 316, pangusa paneli alfajiri kwa maji matamu kidogo, na invata, kigeuza umeme wa betri, isielekee upepo wa bahari. Mjini, paneli zilale nyuma ya ukuta wa darini zisionekane kutoka barabara ya ufuoni.

Taa za ufuoni zina ubaya gani?

Kasa na ng'amba hutaga kwenye fukwe za huku, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Watoto wakitoka usiku hufuata mwanga, na mwanga wa asili uko baharini. Taa nyeupe ya hoteli inawageuza waje nchi kavu, asubuhi kunguru wanawamaliza. Taa ziwe chini ya kiuno, zimefunikwa upande wa bahari, rangi ya kaharabu au nyekundu. Viti vya jua viondolewe mchangani jioni.

Vibali vinafuata utaratibu gani?

Mji wa Kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, hivyo ndani yake anza na ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa kabla ya kumlipa mchoraji pesa yote. Kisha kaunti, kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa tathmini ya athari za mazingira chini ya sheria ya mwaka 1999. Kisima kinataka idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Usiuchukulie mkutano wa wananchi kama karamu ya soda. Mwezi wa Juni 2019, leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), na sababu kubwa ilikuwa umma kutoshirikishwa ipasavyo.

Punda mmoja abebe kiasi gani?

Theluthi moja ya uzito wake, yaani kama kilo 40 hadi 50 kwa punda wa kawaida wa huku. Mfuko mmoja wa kilo 50 umeshafika mwisho, na miwili ni ukatili, ingawa utaiona. Andika kwenye mkataba wa usafirishaji: mfuko mmoja, soji (matandiko ya mgongoni) nene, punda mwenye kidonda harudi kazini.

Plastiki?

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Chupa za maji ndizo zilizobaki. Weka chujio na mtungi kila ghorofa na usiuze chupa. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuteremshwa baharini mwaka 2018, ni ushahidi kwamba taka hii ina kazi, lakini si kibali cha kuendelea kuileta. Mabaki ya jikoni changanya na kinyesi cha punda, baada ya miezi mitatu una mbolea.

Mimi ni msafiri tu. Nitajuaje nyumba inayosema kweli?

Vyeti vipo, kama mpango ulioanzishwa na Ecotourism Kenya mwaka 2002 wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Lakini maswali manne kwa simu yanatosha: maji yenu yanatoka wapi mwezi wa Februari, choo kinaishia wapi, boriti zilinunuliwa kwa kibali gani, na wafanyakazi wangapi wanatoka kisiwani? Mwenye nyumba anayejua hujibu papo hapo, tena kwa maneno mengi. Asiyejua atakutumia picha ya machweo.

Baharini, chagua jahazi la tanga kuliko la mashine. Nahodha akitupa nanga juu ya matumbawe ya kisiwa kidogo cha Manda Toto badala ya mchangani, mwambie. Mjini jifunike mabega na magoti, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Nimeona mlango wa kale unauzwa. Naweza kuupeleka nyumbani?

Mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 inalindwa kisheria, na haitoki nchini bila kibali chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Agiza mpya. Mchongaji wa Lamu atakuuliza vipimo vya fremu, upande unaofungukia, na mbao unayotaka. Usiende na picha tu. Chukua upana wa tundu la ukuta sehemu tatu, juu, katikati na chini, maana kuta za mawe hazinyooki.